Mama Yako Yupo?

Nilitoka kwenda kununua blanketi. Hilo tu.

Ilikuwa Jumatano, jua limeanza kushuka nyuma ya ukuta wa mji, na muuza mablanketi alishaniambia kwamba hufunga duka ikiadhiniwa magharibi. Naima alikuwa amejilaza chumbani, miguu imemvimba kwa kupanda na kushuka ngazi za watu. Nikamwambia naenda mara moja na kurudi. Akaniangalia muda mrefu kidogo.

"Nenda," akasema. "Lakini usichelewe."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni vumbi.

Mji wenyewe ni Fes, kule Moroko. Mimi naitwa Esnath, mkulima wa chai wa Kyimo, katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Naima ana duka la viungo Tukuyu mjini, naye ni mwenzetu kikundini. Shirika moja lilitupeleka sisi wawili siku nane tukajifunze kufungasha chai kwenye pakiti ndogo, na majani ya mnanaa ndani yake. Watu wa nyumbani wanadhani nilikwenda kula raha. Nilikwenda kukaa darasani na mkalimani aliyekuwa na mafua. Naima alijigamba tangu Dar kwamba lugha tumuachie yeye, maana amesoma madrasa. Kufika kule, Kiarabu chake kikawa cha kuswalia tu, hata choo hakiwezi kuulizia.

Mji wa kale umezungushiwa ukuta mrefu wenye rangi ya tofali bichi, na unaingia kwa malango. Ndani hakuna gari. Kuna vichochoro, na vichochoro vya vichochoro, vingine mnapishana bega kwa bega. Punda wanapita na mitungi ya gesi na ngozi mbichi, na mwenye punda akipiga kelele unajibana ukutani au unakanyagwa, shauri yako. Nyumba hazina madirisha upande wa njia. Unatembea katikati ya kuta ndefu na huoni mtu anaishi wapi. Sikuupenda mji ule. Kwetu ukisimama mlangoni unaona mlima.

Blanketi lilikuwa la mama. Mama yetu, Agness, alikuwa na kifua cha muda mrefu, na baridi ya kwetu Rungwe haimhurumii mgonjwa. Siku naondoka aliniambia, "Usiniletee kitenge. Niletee kitu kizito." Jumatatu jioni niliongea naye kwenye simu. Alikohoa, akacheka, akaniuliza kama watu wa huko wanakula ndizi. Jumanne nilipopiga, mdogo wangu Hosea akapokea, akasema mama amelala. Jumatano asubuhi, amelala. Jumatano mchana, amelala.

"Hata saa hizi, Hosea?"

"Dawa zinamlaza, dada."

Basi nikaenda kununua blanketi. La sufu, jeupe, lina mistari miekundu na myeusi pembeni, zito kweli kweli. Muuzaji akalikunja, akalifunga kamba, nikalibeba kifuani. Nyuma yangu akaanza kufunga milango ya duka. Adhana ikaanza msikiti mmoja, ikadakwa na mwingine, na mwingine, mpaka mji mzima ukawa unaita. Watu wakaongeza mwendo. Nikakata kushoto kwenye bomba la maji lenye vigae.

Halikuwa bomba lenyewe. Mji ule una mabomba ya namna hiyo mengi.

Nikatembea. Nikarudi. Nikakata kulia. Kichochoro kikawa chembamba, kikashuka, kikapinda. Adhana ikaisha. Nilitegemea kusikia punda, au mtoto, au redio ya mtu.

Hakuna.

Halafu harufu ikabadilika. Mji ule unanuka ngozi. Tangu siku ya kwanza nilikuwa natembea na jani la mnanaa mkononi nikinusa. Sasa nikasikia moshi. Moshi wa majani makavu ya mgomba, ule wa kuwashia moto wakati wa mvua. Na chini yake, maziwa ya mgando.

Nikasimama.

Katika mji ule sikuwa nimeona mgomba hata mmoja.

"Ugonile," mtu akasema.

Ni salamu ya kwetu. Kinyakyusa. Ilitoka chini, karibu na miguu yangu. Palikuwa na kizingiti cha mlango mfupi, na juu yake amekaa bibi, amejifunika shuka jeupe kuanzia kichwani kama baadhi ya wazee wa pale, uso hauonekani. Sikuogopa. Hilo ndilo linanishangaza mpaka leo. Nilifurahi. Nikafikiri, kumbe na huku tupo! Nikachuchumaa mbele yake kama tunavyofanya kwetu kwa mkubwa, nikaitikia.

Mtaniuliza kama sauti ya mama yangu siijui. Naijua. Ile haikuwa sauti ya mama. Ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyefunga mdomo siku kadhaa.

"Nimepotea," akasema. Yote kwa Kinyakyusa. "Mlango siuoni. Kila nikizunguka ni ukuta."

"Na mimi nimepotea, mama."

"Kuna baridi."

Nikafungua kamba, nikamfunika blanketi mabegani. Nilijiambia nitanunua jingine kesho. Mzee akikwambia ana baridi, na wewe una blanketi mkononi, utafanya nini?

"Umetoka wapi?" akaniuliza.

"Tukuyu. Kyimo."

"Mama yako yupo?"

Swali la kawaida. Kwetu tunaulizana hivyo kila siku.

"Yupo," nikasema.

Akanipa mkono nimwinue. Nikaupokea kwa mikono yote miwili, kwa heshima. Ulikuwa wa baridi kama mpini wa jembe uliolala nje. Tukaanza kutembea, yeye nyuma yangu kidogo, mkono wake ndani ya mkono wangu wa kulia. Cha ajabu ni kwamba mimi ndiye nilikuwa mbele, lakini kila kona ni yeye aliyenivuta. Huku. Sasa huku. Tulikuwa tunapanda. Sikusikia hatua zake, ila sikulitilia maanani, vichochoro vile vina mawe na mimi nilikuwa na viatu vya kelele.

"Mama yako yupo?" akauliza tena.

Nikajua ni uzee. "Yupo. Anaumwa kifua, lakini yupo."

Tukapanda tena. Mbele nikaanza kusikia watu, vikombe, pikipiki za nje ya ukuta. Mkono wake ukakaza.

"Mama yako. Yupo?"

"Yupo nyumbani, ananisubiri. Haendi popote mpaka nifike."

Akashusha pumzi. Niliisikia ikinipita shingoni.

"Haya," akasema. "Basi haendi popote."

Tukatokea kwenye lango kubwa la vigae vya buluu. Taa zimewaka, watu wanakunywa chai mgahawani. Nikageuka nimwambie tumefika.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umenyooka nyuma yangu. Vidole vimejikunja. Vimeshika hewa.

Blanketi halikuwepo pia.

* * *

Naima alikuwa amekaa kitandani na tasbihi. Nikamsimulia, nikicheka kidogo, maana nilikuwa najiona mjinga kwa kuibiwa na bibi kizee. Yeye hakucheka.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mara zote ulimjibu yupo?"

"Sasa ningejibu nini? Kwani hayupo?"

Akaangalia tasbihi yake. "Yupo," akasema.

Akaingia bafuni, akafungulia maji. Yalimwagika muda mrefu, na chini ya sauti ya maji nikamsikia analia. Sikwenda kumuuliza. Nafikiri nilishajua tangu pale, ila sikutaka mtu aniambie. Nilikaa kitandani nikiusugua mkono wangu wa kulia. Ulikuwa umekufa ganzi mpaka kwenye kiwiko.

Alhamisi asubuhi Hosea akapiga. "Dada, mama kazidiwa. Geuza tiketi urudi."

Kwetu msafiri haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa kuna mgonjwa, kuna kazidiwa, kuna njoo haraka. Atapata ajali, wanasema. Ataanguka, na huko ugenini hakuna wa kumshika. Akifika atajionea mwenyewe. Ni huruma, na mimi mwenyewe nimewahi kuwafanyia wenzangu hivyo hivyo. Mama alifariki Jumanne alfajiri. Hosea alimpigia Naima siku hiyo hiyo, akamwomba anifiche habari. Jumatano mchana wakazika. Hawakuweza kunisubiri kwa sababu mama mwenyewe aliagiza asilazwe mochwari, aliogopa lile jokofu. Mimi nikatoka jioni kununua blanketi.

Ndani ya ndege nilimwagiwa chai mkononi. Niliona ngozi inakuwa nyekundu. Sikusikia chochote. Mhudumu aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma.

Nilifika Kyimo Jumamosi mchana, mvua inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka. Naima alibaki amalizie mafunzo. Toka barabarani niliona turubai uwanjani, mabenchi, wanaume wanaota moto, na pembeni ya nyumba, kati ya migomba, udongo mpya. Shangazi Anyosisye, dada wa marehemu baba, akaniona wa kwanza. Akashika kichwa akaanza kulia kwa sauti. Wanawake wote wakanyamaza, wakanigeukia. Walikuwa wananisubiri mimi.

Aliyekosa mazishi kwetu huanza kulia akiwa bado njiani, watu wasikie kwamba anakuja, na huenda kaburini kabla hajagusa mlango. Naijua hiyo desturi. Nimeiona tangu mtoto.

Nilipita kaburi, nikaingia ndani, nikaomba maji ya kunywa.

Sikuwa na ukorofi wowote. Nilitafuta ndani yangu mahali pa kutokea kilio, sikupapata. Kama ule mkono. Nilijua mama amekufa, nilijua nampenda, na vyote viwili vilikuwa habari tu.

"Umeludi, mwanangu," shangazi akasema mlangoni, uso umelowa. Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. "Sasa mbona hulii?"

"Nimechoka, shangazi."

Ndipo nikamwona Atupele, mke wa Hosea, amekaa kwenye mkeka na mtoto wao. Mtoto alikuwa na miezi minne, wamempa jina la mama, tunamwita Agi. Alikuwa amefunikwa mpaka kidevuni.

Blanketi la sufu. Jeupe. Mistari miekundu na myeusi.

"Wifi," nikasema. "Hilo limetoka wapi?"

"Si umelituma wewe?" Atupele akanishangaa. "Tulilikuta Alhamisi asubuhi kwenye kitanda cha mama. Hosea akasema labda mtu wa basi alileta."

Nikainama nikamgusa Agi shavuni kwa mkono wa kushoto, ule mzima.

Alikuwa wa baridi.

* * *

Zahanati walimpima mara mbili. Hana malaria, hana nimonia. Walisema joto lake liko chini, abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, afunikwe vizuri. Tulifanya yote. Atupele alimfunga kifuani kutwa nzima, na mwenyewe akaanza kutetemeka meno.

Jumapili Hosea akalichukua blanketi akalitupa mtoni, maji ya kahawia yakalibeba akiwa anaona. Jioni lilikuwa kitandani kwa mama. Kavu.

Kila siku ilikuwa jioni, wakati ule wa kuwasha taa. Moshi wa majani ya mgomba unaanza kunukia, na jikoni hakuna aliyewasha. Maziwa ya mgando. Mtoto, popote alipo, anageuza kichwa kuelekea chumba cha bibi yake na kucheka. Atupele alimweka chini mara moja tu, achote maji. Aliporudi, mtoto hakuwa pale alipomwacha. Alikuwa chumbani kwa mama, katikati ya kitanda, blanketi limefungwa pembe moja chini ya nyayo, vile mama alivyokuwa akitufunga sisi tulipokuwa wadogo. Hakuna mwingine aliyekuwa anafunga hivyo.

Jumatatu Agi aliacha kulia. Jumanne aliacha kunyonya. Titi linawekwa mdomoni, maziwa yanatoka pembeni ya midomo. Hosea alikuwa anazunguka uwanjani kwenye mvua bila kofia.

Shangazi akaniita jikoni. Akafunga mlango.

"Gwe mwanangu," akasema taratibu. "Huyu mama hajaondoka. Mimi nimezika watu wengi, sijaona hivi. Nani kamwambia abaki?"

Nikamwambia yote. Kichochoro, kizingiti, shuka jeupe, mkono. Maswali matatu na majibu matatu. Alisikiliza huku anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Alikufuata kukuaga," akasema. "Aliye mbali ndiye anaagwa kwanza. Alikuwa bado hajajijua, amechanganyikiwa, na huko kuna kuta. Akamuuliza mwanae. Mwanae akamwambia yupo." Akafuta macho kwa kanga. "Sisi ndio tulikosea. Tungekwambia, usingejibu vile. Lakini aliyemwambia ni wewe, Esnath. Mwingine hawezi kumwambia tofauti."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Fijo fijo, bila kuficha. Na ulie. Mtoto hafiki kesho."

Nilimchukua Agi kutoka kifuani kwa mama yake. Atupele hakutaka kumwachia. Ilibidi Hosea amfungue vidole. Nikaingia chumba cha mama, nikamlaza mtoto kitandani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kigoda. Dirishani kulikuwa bado na mwanga kidogo wa kijivu. Mvua kwenye bati.

Nikasubiri.

Moshi.

Kisha maziwa.

Kisha kitanda kikalia, kama mtu amekaa pembeni yake. Godoro likabonyea. Blanketi likajivuta lenyewe, taratibu, pembe ikaingia chini ya miguu ya mtoto.

"Umechelewa," mama akasema. Safari hii ilikuwa sauti yake. Yake kabisa, na kikohozi chake.

Nilitegemea kuogopa. Nilitegemea hata kufurahi. Sikusikia kitu.

"Mama," nikasema. "Ulikufa. Jumanne ile alfajiri. Walikuzika Jumatano, hapo nje, kando ya baba. Hawakuniambia."

Mtoto alikuwa anaangalia juu, mahali palipo na uso wa mtu aliyekaa.

"Wewe mwenyewe ulisema nipo."

"Sikujua."

"Ulisema mara tatu."

"Nilidanganywa, mama. Na mimi nikakudanganya wewe. Hukupaswa kubaki."

Akakohoa. Akatulia kidogo, kama alivyokuwa akitulia kabla ya kukukatalia jambo.

"Ulinililia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini uongo ndio ulikuwa umetufikisha pale.

"Bado."

"Mwanangu wa kwanza hajanililia," akasema, bila hasira, kwa upole wa kumfundisha mtoto kuhesabu. "Basi sijafa."

Nikalia. Maana yake, nikapiga kelele. Nikashika kichwa, nikaita juba, juba wangu, kama wanavyoita mama zao wanawake wa kwetu. Nje nikasikia shangazi anadaka, na wanawake wote nyuma yake, mpaka bati likaitika. Nikapaza zaidi. Nikajipiga kifua. Nilimkumbuka mama amenibeba mgongoni kwenye mashamba ya chai, nilikumbuka kila kitu nilichoweza kukumbuka.

Kitu cha baridi kikanigusa shavu la kulia. Kikapita chini ya jicho. Kikahamia shavu la kushoto.

"Pakavu," mama akasema.

Nikanyamaza. Nje nao wakanyamaza, mmoja mmoja. Agi alikuwa anapumua kwa kukatakata. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Mwachie mtoto, mama. Unamuua."

"Namuuaje? Namfunika." Nikasikia ameumia kweli. "Nikimwachia niende wapi? Huko nje kuna baridi, mwanangu. Wewe hujui. Hakuna mlango hata mmoja."

Hapo ndipo niliposikia kitu kwa mara ya kwanza tangu Fes. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa huruma. Mama yangu alikuwa anaogopa, na mimi ndiye mkubwa wa watoto wake.

Nikanyoosha mkono wa kulia, ule uliokufa, juu ya kitanda.

"Basi njoo kwangu," nikasema. "Nishike kama ulivyonishika kule. Mimi nitakubeba. Mtoto mwache."

Alichukua muda. Nilihesabu pumzi za Agi. Saba. Nane.

Halafu mkono wangu ukawa mzito.

Agi akafungua mdomo, akalia. Kilio kikali cha njaa, cha hasira, uso umemwiva. Mlango ukapigwa teke. Atupele akamnyakua, akakaa chini pale pale sakafuni, akafungua nguo, na mtoto akadaka titi kama mwizi. Hosea akapiga magoti akawakumbatia wote wawili. Shangazi hakuwaangalia wao. Alikuwa anaangalia mkono wangu.

* * *

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Agi sasa anakaa mwenyewe, anakula uji, ana mashavu. Blanketi limebaki blanketi. Analikojolea kama mablanketi mengine.

Naima alirudi ile Ijumaa iliyofuata, akaja moja kwa moja Kyimo kuniomba msamaha, akalia yeye mpaka nikaanza kumbembeleza mimi mfiwa. Aliniambia kwamba kabla ya kuondoka alikwenda pale langoni na picha yangu kwenye simu. Mhudumu wa mgahawa akanikumbuka. Akamwonyesha kwa vidole: walitoka wawili. Yule mzee alitangulia.

Nachuma chai kwa mkono wa kushoto. Najifunza. Ganzi ilikuwa kwenye kiwiko, ikapanda begani, wiki mbili zilizopita imefika kwenye kola. Nikilala ubavu wa kulia sijui kama nimelala juu ya kitu. Jioni tunaongea, mimi na mama, mambo madogo madogo. Ananiuliza mvua. Ananiuliza mbolea imekuja. Hajaniuliza tena swali lile.

Majirani wanasema yao. Aliyekwenda Ulaya, wanasema, maana kwao kila ng'ambo ni Ulaya, mama yake akafa, na hajatoa chozi. Wanasema safari ile niliilipia kwa mtu. Kanisani benchi langu lina nafasi pande zote mbili. Zamani ningegombana nao. Sasa naona wanasema, midomo inacheza, basi.

Shangazi anasema dawa ni moja, nilie. Anasema chozi moja la kweli likidondoka, mama atajua, ataondoka, na mkono utarudi. Anasema nisiache baridi ifike kwenye moyo.

Juzi nilikuwa nimekaa barazani na Atupele, tunamenya ndizi. Hakukuwa na jambo lolote. Mvua ilikuwa imekatika, mlima umefunguka, na mtu fulani kwa jirani akakohoa. Macho yakawa ya moto. Nikajua hayo ni machozi, yenyewe, yamekuja.

Atupele aliona. Akaweka kisu chini. Akanishika goti kwa mikono miwili, kwa nguvu, na yeye mwenyewe ameanza kulia tayari.

"Lia, wifi," akanong'ona. "Lia tu. Muache aende."

Upande wa kulia, mkono ukanibana. Haukubana kwa nguvu. Ulibana kama mtoto anavyokushika sokoni.

Niliangalia juu mpaka macho yakakauka.

"Kesho," nikamwambia.